Sakafu ya Shimo la Baba

Tebuanga, 12 Februari 1970

Kaka yangu Bureimoa,

Wote wa nyumba hii wanakusalimu, hata kuku. Sisi wazima. Mama amepoteza jino lingine la mbele na sasa anatafuna samaki kwa upande mmoja, huku anasema halimsumbui. Kabiria wangu ameanza kutembea, lakini anatembea kuelekea majini tu, kama baba yake. Mvua za mwaka huu ni nzuri mpaka tunalalamika, mikeka haikauki. Shemeji yako Tiaon anapanda kugema tembo asubuhi na jioni, na anaimba vibaya kule juu ya mnazi hadi majirani wananipa pole.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka kesho, baada ya Pasaka, ukumbi mpya wa kijiji utafunguliwa. Kila ukoo utaleta babai zake, magimbi bora ya mashimo yake, na kuziweka katikati, watu wapite waangalie. Unajua watu wa hapa wanavyoangalia babai ya mwenzao: mdomo umefungwa, macho yanapima. Zamani yetu ikiwekwa, wengine walikuwa wanazisogeza zao nyuma kidogo. Tangu baba afe zimekuwa zikipungua. Niliyoing'oa kwa Krismasi ilikuwa nene kama mguu wa Kabiria, nikaifunika kwa majani nisionekane nayo njiani. Za Riteti zimetupita. Riteti huyuhuyu ambaye baba alikuwa akimwita mkulima wa mbu!

Ni wewe ambaye baba alikuwa akishuka nawe shimoni. Mimi nilikuwa nafukuzwa nikachume majani. Alikuwa akifanya nini kule chini, Bureimoa? Ninayelilisha shimo sasa ni mimi, si wewe. Umeniachia mlango na ufunguo umeondoka nao Banaba.

Tiaon anaomba sepetu ya chuma, kama hizo mnazotumia huko. Anasema ni ya kuchimbia nguzo za nyumba.

Mdogo wako,
Aritita


Banaba, 3 Mei 1970

Aritita,

Barua yako imenifikia imechakaa, meli ilizunguka visiwa vyote vya kaskazini kabla ya kukumbuka kuwa sisi tupo. Nafurahi mu wazima. Mwambie Mama asitupe meno yanayobaki, nitakuja na bati la nyama ngumu tulile pamoja. Mimi sijambo. Kazi ni kazi. Tunachimba, tunapakia, tunachimba. Vumbi la fosfeti limeingia mpaka kwenye usingizi, nikikohoa usiku natoa makohozi meupe.

Sepetu inakuja kwa meli hiihii, nimeifunga kwenye gunia la sukari pamoja na tumbaku ya Tiaon na kitambaa cha Mama.

Lile la baba siliandiki. Karatasi hii kabla hujaishika itakuwa imepita mezani kwa Kaitu wa duka la ushirika, na unajua bahasha zikifika kwake gundi huwa inachoka. Na hata Kaitu angekuwa kipofu, ndani ya nyumba yako kuna mtu wa ukoo mwingine. Nampenda Tiaon, tumevua pamoja, lakini baba yake ana mashimo yake na mambo yake ya shimoni, na hajawahi kutugawia hata moja. Alichoniambia baba aliniambia tukiwa wawili, tumesimama kwenye tope mpaka magotini, na alitazama juu kwanza kuona kama kuna mtu kichakani. Mkataba wangu ukiisha nitakuja nikuambie kwa mdomo.

Wewe lilishe shimo majani kama ulivyozoea. Na hiyo sepetu isishuke shimoni. Chuma kisiguse kule chini hata kidogo. Usiniulize kwa nini.

Kaka yako,
Bureimoa


Tebuanga, 18 Agosti 1970

Kaka yangu,

Asante kwa vitu vyote. Mama amejifunga kitambaa na kwenda nacho kanisani akakaa mbele kabisa, mahali ambapo hakai. Kabiria sasa anasema "maji", "hapana", na jina la mbwa wa jirani. Jina langu bado hajalifikiria. Mvua zimeendelea. Mshelisheli wa nyuma ya jiko umezaa mpaka tunagawia watu ambao hatuwapendi.

Sepetu ni nzuri sana. Mpini wake umelingana na mkono wa Tiaon.

Babai zimekua. Nakuambia ukweli, zimekua kuliko nilivyowahi kuona hata baba akiwa hai. Majani yamenipita kichwa. Watu wanakuja kusimama pembeni mwa shimo wakisema wanapita tu, na njia haipiti hapo. Riteti alikuja na kifimbo chake, akapima nacho shina moja, kisha akasema, "Eeh, mama Kabiria, naona mmeikumbuka dawa ya mzee." Nikamwambia, "Dawa gani, mzee wangu? Mvua tu." Akacheka kwa pua akaondoka.

Wewe kaa na siri yako huko. Sisi tunaendelea. Mama anasema ule vizuri.

Aritita


Banaba, 2 Oktoba 1970

Aritita,

Salamu kwa Mama, kwa Kabiria na kwa Tiaon. Mimi ni mzima ila usingizi wangu si mzuri.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kuna kitu sikioni ndani yake. Umeisifu sepetu na hujasema habari ya nyumba. Tiaon amesimamisha nguzo ngapi? Nyumba ina upande gani mpya? Umeniandikia kuhusu mbwa wa jirani, lakini nguzo hakuna.

Ngoja nikueleze mahali nilipo, sijawahi kukueleza vizuri. Kisiwa hiki kilikuwa na miti na udongo kama vingine. Tumeuondoa udongo. Katikati yake sasa yamebaki mawe marefu yaliyosimama wima, na kati ya jiwe na jiwe pana shimo refu kuliko mnazi. Mvua ikinyesha haikai, inapita hapohapo kama unamwagia maji chekeche. Hakuna kinachoota. Ndege wanazunguka juu wakitafuta pa kutua, halafu wanarudi baharini. Maji ya kunywa yanaletwa na meli, na meli ikichelewa tunapanga mstari na ndoo bila kuzungumza. Wazee wenyeji wa hapa, waliohamishiwa mbali zamani, walikuwa na maji yao mapangoni. Nilimuuliza mmoja aliyekuja kutembelea makaburi ya kwao, akaniambia, "Kijana, usiniulize habari za maji." Akaenda zake.

Nataka unijibu jambo moja. Kama kuna mtu ameshuka shimoni na chuma, nataka kujua sauti iliyotoka. Kilikwenda kimya au kilikwaruza? Nijibu hilo tu. Siwezi kuandika zaidi.

Bureimoa


Tebuanga, 30 Novemba 1970

Kaka yangu,

Mama anakusalimu, hana nguvu sana siku hizi. Kabiria anaharisha na kupona, anaharisha na kupona. Mvua ziliacha ghafla mwezi wa tisa, mawingu yanapita juu yetu yakielekea kwa watu wengine.

Nilificha. Nilijua ukisikia utanigombeza, na babai zilikuwa zinakua, nikajiambia utakuja uone mwenyewe kwenye ukumbi ushindwe kusema neno. Siku Kaitu alipoleta barua yako ya kwanza Tiaon alinitazama nikiisoma, akauliza, "Kaka yako anasemaje?" Nikamwambia umekataa kutoa siri, na sepetu isishuke shimoni. Akakaa akifikiri mpaka tumbaku ikazimika mdomoni. Akasema, "Kwa nini akataze kitu ambacho hatujafikiria hata kukifanya? Anachokikataza ndicho chenyewe. Baba yenu alikuwa anachimba, Aritita. Alikuwa anakwenda chini zaidi kuliko wenzake." Nikamwona ana akili. Na mimi nilikuwa na hasira na wewe.

Tukahamisha babai upande mmoja, akachimba upande wa pili, kisha tukarudisha. Unauliza sauti. Mwanzo ilikwenda kimya kabisa kwenye mchanga wa kijivu, laini, inazama yenyewe. Baadaye ikaanza kukwaruza. Tiaon akafurahi, akasema tumefika. Maji yalipanda haraka, baridi, matamu, nilikunywa mwenyewe kwa kiganja. Ndiyo maana majani yalipaa namna ile.

Lakini si sisi peke yetu. Riteti alikuwa amelala kichakani anatuchungulia, na kesho yake wanawe walikuwa shimoni kwao. Halafu jirani wa Riteti. Halafu wote, mstari mzima wa mashimo kutoka kanisani mpaka mwisho wa kijiji, kila mtu amezungushia makuti ili mwenzake asione anafanya kile ambacho mwenzake naye anakifanya. Sepetu zilizokuwa dukani zilikwisha. Kila mtu anaamini amemwibia baba siri yake.

Sasa kuna mambo siyaelewi. Kereng'ende wamehama, huwa wanajaa juu ya shimo na leo sijaona hata mmoja. Maji ya shimo yanapanda bahari ikijaa na kushuka ikitoka. Zamani yalikuwa yanacheza kidogo tu, kwa uvivu, saa nyingi baada ya bahari. Sasa vinakwenda sawasawa. Juzi niliona samaki mdogo ndani, nikadhani ni wale wanaokula mbu, nikamkamata kwa ungo. Ni wa baharini, Bureimoa. Yule mdogo mwenye mistari anayekaa kwenye matumbawe. Shimo letu liko mbali na bahari, na samaki hatembei.

Majani ya babai yana ukingo wa kahawia kama karatasi iliyopitishwa jikoni. Mama anasema chai ina ladha ya mkebe. Tumebadilisha mkebe.

Nieleze sasa. Nakuomba. Kaitu asome akitaka.

Aritita


Banaba, 9 Desemba 1970

Aritita,

Leo sina salamu, nisamehe. Hujanijibu kuhusu ile sauti, au umejibu na meli bado iko njiani nayo. Sisubiri tena. Juzi wameshuka kazini watu wapya kutoka kwetu, mmoja ni mpwa wa Riteti. Ananipiga begani anacheka: "Bureimoa, ile siri yenu sasa tunayo sote! Kijiji kizima kinachimba!" Nilimwacha hapohapo nikaenda kutafuta karatasi hii.

Hii hapa. Kaitu, kama unasoma, soma vizuri, ukimaliza ukimbie ukawaambie.

Juu ya shimo kuna tope jeusi la majani. Chini ya tope kuna ule mchanga wa kijivu, laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Baba aliuita sakafu. Maji ya mvua yanakaa ndani yake kwa sababu hayawezi kwenda upesi, chembe zimebanana. Bahari iko chini yake siku zote, chini ya kisiwa chote, na maji yetu matamu yameelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kinachozuia yasikorogeke ni ule ulaini tu. Chini ya sakafu ni changarawe, vipande vya matumbawe vikubwa kama meno, na kati ya vipande pana nafasi. Ukifika hapo maji yatakuja mengi na matamu, kwa sababu mvua zilikuwa nzuri. Utafurahi. Mvua zikikatika, itakayopita kwenye nafasi hizo ni bahari. Upande wa ndani, wa maji tulivu, sakafu ni nene. Mashimo yetu yako upande wa bahari kuu na sakafu yake ni nyembamba, mahali pengine haizidi kiganja.

Baba hakuchimba hata siku moja. Alikuwa anaongeza. Unakumbuka alivyokuwa akirudi na kikapu cha mchanga kutoka ufuko wa ndani, anasema ni wa kutandika jikoni? Alikuwa anachagua ule laini kabisa, anauacha mvuani mpaka chumvi itoke, halafu anaushusha na kuutandaza chini ya tope, akiukanyaga kwa miguu. Kila mwaka. Na kila aliposhuka alichukua konzi moja kutoka chini, akaifumba, akafumbua mkono. Ikishikana, sakafu ipo. Ikimwagika kati ya vidole, acha kila kitu, leta mchanga. Basi. Hakuna dawa, hakuna maneno ya kusema. Babai zetu zilikuwa kubwa kwa sababu wakati wa ukame za wengine zilikuwa zinakunywa chumvi kidogo na zetu hazinywi. Chuma alikikataza kwa sababu kinapita kwenye sakafu kabla mkono haujajua.

Wakusanye watu wote. Wajaze mashimo mchanga laini na kuukanyaga kabla ya bamvua la Machi, bahari inapojaa kupita siku zote. Lile likikuta mashimo wazi, visima navyo vitakwenda, kwa kuwa maji ya kisima na ya shimo ni yaleyale. Usingoje kunijibu. Usione aibu. Barua hii isomwe ukumbini.

Laiti ningekuandikia haya mwezi wa tano.

Bureimoa


Tebuanga, 29 Aprili 1971

Kaka yangu Bureimoa,

Nakusalimu. Kabiria yupo na ananiita mama sasa. Tiaon yupo. Mama yupo, nitakueleza.

Barua yako ya Desemba imefika wiki hii. Meli iliharibika, ikavutwa kwenda kutengenezwa, mfuko wa barua ukakaa ghalani kisiwa kingine Krismasi yote na Pasaka yote. Kaitu alikuja nayo mbio mkononi bila bahasha, analia, mtu mzima yule. Sikumwuliza bahasha iko wapi.

Bamvua la Machi lilikuja siku ya utulivu. Ungekuwepo usingeamini, bahari ilikuwa shwari, hakuna wimbi lililopanda ufukweni, watoto walikuwa wanacheza. Maji yalitoka chini. Niliyaona yakijaa shimoni polepole, na yalikuwa safi, Bureimoa. Maji ya shimo huwa meusi, unajua. Haya nilikuwa naona mpaka chini, nikaona mizizi yote ya babai na ile changarawe nyeupe. Nilisimama nikayatazama kama mjinga nikiwaza kuwa ni mazuri. Kisha nikatia kidole nikaonja.

Mashimo yote yalikuwa hivyo, kutoka kanisani mpaka mwisho wa kijiji. Majani yalilala kabla ya Jumapili. Tulipong'oa tulikuta babai zimelainika na zinanuka, hata nguruwe walinusa wakaondoka. Mshelisheli wa nyuma ya jiko ulimwaga matunda yake yote yakiwa madogo kama mayai. Mkadi tu ndio umesimama. Kaa wa mwambani wanatembea katikati ya kisiwa, wanaingia jikoni. Visima ni kama ulivyosema. Tunakunywa madafu na tembo, na minazi yenyewe inaanza kuwa njano.

Ukumbi ulifunguliwa siku iliyopangwa. Katikati, pale pa babai, waliweka wali na nyama ya bati. Watu walipita wakaangalia, kwa mazoea.

Hapohapo ndipo niliposoma barua yako. Niliomba wazee ruhusa nikasimama, mimi mwanamke, nikaisoma yote kwa sauti, sakafu na changarawe na kikapu na konzi ya mchanga. Sikuruka kitu, hata pale mpwa wa Riteti alipokucheka. Kisha Riteti akasema, "Miaka yote ile nimelala kwenye vichaka vyenu naliwa na mbu. Kumbe ni mchanga?" Nikamjibu, "Mchanga, mzee wangu." Akajifunika uso kwa kitambaa. Niliwahi kutamani kumwona Riteti ameshindwa mbele ya watu, na nilipomwona nilitaka kwenda kumshika mkono.

Mama hakuwepo ukumbini, hawezi tena kutembea mbali. Nilimrudia nyumbani nikamsomea. Akaniambia nimletee konzi kutoka chini ya shimo letu. Nikaleta. Akaifumba, akafumbua, ikamwagika yote kwenye mkeka. Akaniangalia. "Baba yenu alikuwa anafanya hivi kila jioni mbele yangu," akasema. "Miaka yote ya ndoa. Nilidhani anakung'uta mikono."

Kila siku Tiaon anakwenda ufuko wa ndani na kikapu, anachagua mchanga laini, anarudi kuumwaga shimoni na kuukanyaga. Nimemwambia hakuna mvua ya kuutoa chumvi. Nimemwambia shimo limekufa. Anakanyaga tu. Sepetu sijui aliipeleka wapi na sijamwuliza. Usimchukie. Sote wawili tulikuwa tunajaribu kukufikia.

Siri ya baba sasa kila mtu anayo. Watoto wameigeuza mchezo: wanafumba mchanga, wanafumbua, wanapiga kelele ukimwagika. Huwa unamwagika. Kabiria naye ameujua mchezo huo.

Amekuja afisa na meli iliyoleta barua yako, anauliza koo zipi ziko tayari kuhamishiwa visiwa vya mbali ambako kuna mito. Wengi wamekubali. Mama amekataa, anasema baba yuko hapa. Mimi bado sijajibu, na meli inarudi kuchukua jibu.

Uliniandikia kwamba huko maji yanaletwa na meli, na ikichelewa mnapanga mstari na ndoo bila kuzungumza. Niliisoma barua ile nikakuonea huruma. Leo asubuhi nilikwenda gatini na ndoo yangu kungoja maji ya meli. Nilikuta kijiji kizima kimetangulia, kimesimama kimya kinatazama baharini.

Mdogo wako,
Aritita